Raundi Tatu za Kuchagua Mfumo

Papa Kasongo amekufa kitandani, usingizini, na jambo hilo limeniudhi. Sikumtakia mabaya, lakini mtu aliyeishi kwa ngumi namna ile, aliyefundisha nusu ya vijana wa mtaa wa Kamalondo kuvunjana pua, nilitazamia kifo kimsukumesukume kidogo kabla ya kumchukua. Nilikwenda kwenye kilio chake huko Annexe, pembezoni mwa mji, kwa binti yake, nyumba ya matofali iliyozungukwa na mahindi, wakanipa kiti cha plastiki chini ya turubai. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka pamoja na mjane, Mama Béa, na wanaume walikuwa upande wa pili wakibishana kuhusu bei ya jeneza. Mbele yangu aliketi mtu mwenye suti ya kijivu, akageuza kichwa chote, si macho tu, ili anitazame vizuri. Alikuwa Faustin. Anageuza kichwa chote kwa sababu jicho lake la kushoto halioni. Nilikuwepo siku lilipoharibika na ninajua sababu yake, ila kila nikimweleza mtu sababu hiyo anadhani ninafanya mzaha: lilipotea katika kuchagua mfumo wa kompyuta. Tulisalimiana, nikavuta kiti changu karibu na chake, na tangu hapo sikusikia tena mambo ya jeneza. Mawazoni nilikuwa nimerudi kwenye kile chumba cha nyuma tulichojifunzia kompyuta.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka sekondari na diploma yangu mkononi, bila kazi na bila mchumba, na watu walikuwa wanasema kwamba msichana anayejua kompyuta hakosi ofisi. Papa Kasongo, bondia mstaafu, alikuwa na ukumbi wa ndondi Kamalondo, na nyuma ya ulingo alikuwa amefungua kituo cha kufundisha kompyuta. Mashine alizitoa kwenye ofisi moja ya mgodi iliyofungwa. Alizipataje, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kati ya sisi na mabondia palikuwa na ukuta wa mbao tu. Mtu akipiga gunia upande wa pili, vumbi lilitudondokea kwenye kibodi, na tulijifunza kuandika barua rasmi za Kifaransa huku tukisikia watu wakihema, wakitukana na kutema mate kwenye ndoo. Chumba kilinuka jasho, mafuta ya kukanda misuli na nyaya zilizopata moto. Nilikuwa ninarudi nyumbani jioni nikiwa nimekunja ngumi bila kujijua. Sitaki kudanganya kwamba nilipachukia, kwa sababu nilipapenda sana, na nilikuwa ninafika mapema kuliko wote.

Walimu walikuwa wawili. Faustin alikuwa mwembamba, mtaratibu, mzaliwa wa Kamalondo ambaye babu yake alikuja kutoka Kasai, na kwa sababu ya babu huyo kuna watu wanaomwita mgeni hadi leo. Trésor alikuja kutoka Kilwa, si ile ya pwani bali yetu ya kwenye ziwa, alikuwa na mabega mapana na kicheko kikubwa, na asubuhi alikuwa anapiga gunia kabla ya kuja kutufundisha. Walikuwa wanapendana, hilo nataka lieleweke. Walikuwa wanagawana sigara moja. Mmoja akikwama kwenye mashine, mwenzake alikuja kuinama naye chini ya meza, na mara nyingi tuliona miguu minne tu ikitokeza huku tukisikia kicheko.

Balaa lilianza na virusi. Mfumo tuliokuwa nao kwenye mashine ulikuwa nakala ya wizi, kama kila mahali mjini wakati ule, na kila ufunguo wa USB ulioingia ulileta ugonjwa wake. Kulikuwa na mwanamke mmoja, muuguzi, aliyekuwa akichapa kwetu kazi yake ya mwisho ya masomo. Siku moja alifungua na kukuta kurasa zake zote zimegeuka vialama visivyofunguka. Alilia mpaka akakaa sakafuni. Kesho yake kaka yake aliingia na nondo, akapasua skrini ya kwanza aliyoikuta, akainua nondo mara ya pili juu ya kichwa cha Faustin. Trésor alimvamia kutoka pembeni. Nilisikia mkono wa yule kaka ukivunjika, mlio mfupi, mkavu, ambao sijausahau. Papa Kasongo alikuja kutoka ulingoni, akamtazama mtu aliyekuwa anajikunyata chini, akaitazama skrini, akatuambia kwamba anataka mashine ambazo haziugui, na kwamba tusimletee maneno mengi, tumletee hizo mashine.

Faustin na Trésor wote walijua jibu ni Linux, ile jamii ya mifumo inayotengenezwa na watu wa kila nchi na kugawiwa bure, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua aone ndani kuna nini. Virusi vyetu havikuweza kuigusa. Shida ni kwamba Linux si moja, ina matoleo mengi. Faustin alitaka Debian, Trésor alitaka Mint, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Papa Kasongo alipiga mstari wa chaki katikati ya sakafu kama anavyogawa ulingo, akasema upande wa kushoto ni wa Faustin, upande wa kulia wa Trésor, mpaka ijulikane nani mkubwa. Nilikaa kushoto, kwa bahati tu, kwa sababu kiti changu kilikuwa huko.

Mimi si fundi, nasema nilichokiona kwa kuketi mbele yake. Upande wa Trésor ulifurahisha tangu siku ya kwanza. Skrini ilifanana na ile watu waliyoizoea, kitufe cha kuanzia kilikuwa kona ileile, na ukiweka muziki au filamu, vilicheza palepale bila kuuliza. Kwetu muziki ulikataa. Faustin alilazimika kuitafutia mashine kila kitu, na katika muda huo wenzetu wa kulia walikuwa tayari wanacheza rumba huku wakituonyesha meno. Lakini Faustin alikuwa na rundo la DVD alizoletewa na rafiki kutoka Lusaka, na ndani ya DVD hizo programu zote zilikuwemo: ya kuandika, ya mahesabu, ya kuchora, hata za kichapishi chetu kizee. Huko kulia, kila ulipotaka kitu kipya ilikuwa lazima kupitia intaneti, na intaneti yetu ilikuwa kimodemu kimoja kilichofungwa na raba dirishani, kinachopata mtandao kikitaka. Halafu zile mashine zilikuwa za zamani, kumbukumbu yake ndogo. Faustin aliziwekea dawati jepesi, yaani ile sura ya skrini, la kijivu, baya kutazama, na zilikimbia. Za Trésor zilipendeza, ila ukifungua madirisha mawili zilianza kuguna.

Kila saa sita mchana Mama Béa alitupikia. Bukari kubwa katikati, ndio ugali wetu, mboga za lengalenga na dagaa, na wote tulikula pamoja, mabondia na wanafunzi, tukinawa kwenye beseni moja. Sheria yake ilikuwa kwamba chakulani hapigwi mtu. Ilibidi aiweke, maana mwanzoni ubishi wa mifumo ulikuja mpaka kwenye sahani. Mabondia, ambao hawakuwahi kugusa kibodi, nao wakagawanyika. Wengi walikuwa wa Trésor kwa sababu ya muziki, na kwa sababu Trésor alikuwa mwenzao. Bondia mmoja mzito alimpiga mwanafunzi wa upande wetu kofi, nje mlangoni, kwa kusema Mint ni ya watu wavivu. Yule mwanafunzi alirudi na ndugu zake. Walipigana barabarani mpaka mafundi cherehani wa jirani wakafunga vibanda, na mmoja wa ndugu hao akachanwa shavu na chupa. Leo nikiwaambia vijana ninaofanya nao kazi, wanacheka mpaka machozi. Mimi nilisafisha ile damu kwenye ngazi kwa maji ya sabuni, sioni cha kuchekesha.

Papa Kasongo akaamua kupima kwa njia yake. Umeme wetu ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo alisema mashine nzuri ni ile inayoanguka na kuinuka. Alisimama kwenye swichi kuu na kuuzima umeme tukiwa katikati ya kuandika, bila kutuonya, akauwasha, akauzima tena, huku akitutazama usoni kama anavyotazama mabondia wapya anapowapiga tumboni kuona nani atalia. Wasichana wawili walilia kweli. Mashine za kushoto ziliinuka. Za kulia nazo ziliinuka. Alirudia wiki nzima, na pande zote mbili ziliinuka kila mara, tukipoteza mistari michache tu ya mwisho. Angepaswa kufurahi. Badala yake alikasirika, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kukubali sare.

Alikuwa na desturi, na kila mtu Kamalondo aliijua: wanaume wawili wakishindwa kuelewana chini ya paa lake, wanavaa glavu, raundi tatu, na anayeshindwa anakubali na kuondoka. Wadeni, wapenzi wa msichana mmoja, ndugu wa urithi, wote walikuwa wamepitia. Watu waliisifu, walisema inamaliza chuki kuliko mahakama. Siku moja baada ya chakula alitangaza kwamba hana nguvu ya kulisha walimu wawili, na kwamba Jumapili, baada ya ibada, Faustin na Trésor watavaa glavu. Atakayeshinda, mfumo wake utawekwa kwenye mashine zote na yeye ndiye atakayebaki na chumba. Mwingine ataondoka. Faustin alikuwa hana kitu kingine duniani ila kile chumba. Alikuwa analala humo, kwenye godoro nyuma ya meza ya mwisho, na alikuwa amekataa kazi mbili nzuri ili asikiache. Nilimwangalia. Alikuwa ameshika tonge mkononi na hakulila.

Jioni hiyo nilikuwa ninaosha vyombo uani, na kupitia pazia nikawasikia Papa na Mama Béa. Mama alikuwa anamwambia mumewe polepole, kwa sauti ya chini, bila kumheshimu hata kidogo.

“Utaua mutoto ya bantu, Kasongo. Na juu ya nini? Juu ya bintu bya courant, bya umeme.”

“Kama hapana kupigana, kila siku batarudilia maneno,” Papa alimjibu. “Kwangu maneno inaisha siku moya.”

Nilikwenda kumsihi Faustin akatae. Alinieleza kwa upole wake uleule kwamba akikataa, kesho wataanza kusema yule wa Kasai ni mwoga, na kesho kutwa watasema arudi kwao, na yeye kwao ni mtaa wa pili kutoka pale. Nilimwambia basi aende kwa Trésor, waongee kama marafiki. Akasema amekwenda. Trésor alimpa sigara nzima badala ya nusu na hakusema neno.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakapanda kwenye madirisha, wengine bado na Biblia kwapani. Walikuja na bia, walikuja na watoto. Mtu mmoja kutoka nyuma alipaza sauti kwamba Muluba, ndilo kabila la babu yake Faustin, arudilie Kasai, na wengi wakacheka, na sitasahau kwamba miongoni mwao nilimwona mwanamke niliyekaa naye benchi moja kanisani asubuhi ile. Faustin alivua shati. Mbavu zake zilionekana zote. Raundi ya kwanza Trésor alimchezea tu, akimgusa huku na huku, na nikaanza kupumua nikidhani wamepatana kuwadanganya watu. Lakini mwanzo wa raundi ya pili Faustin alirusha mkono bila kutazama, ukamkuta Trésor puani, na damu ikamwagika hadi kifuani. Ukumbi ulinguruma. Niliona uso wa Trésor ukibadilika. Hakuwa tena anampiga mwalimu mwenzake, alikuwa anapiga kile kicheko cha watu. Alimpiga mwilini, akampiga sikioni, Faustin akaanguka, akainuka. Akaanguka tena kwenye kamba, na Papa Kasongo, aliyekuwa mwamuzi, akamwinua kwa kwapa na kumsukuma katikati. Nilipiga kelele asimamishe. Mtu alinivuta nywele nikae.

Nikatoka mbio hadi uani. Mama Béa alikuwa kwenye jiko la makaa, anasonga bukari, na sikuhitaji kumwambia kitu. Aliingia na mwiko wake mrefu ukiwa bado na bukari ya moto, akapenya kati ya watu, akapanda ulingoni kwa magoti. Tulifika katikati ya raundi ya tatu. Faustin alikuwa amesimama, mikono imeshuka kabisa, na Trésor alikuwa ameshamwachia ngumi moja ya mwisho, ya mkono wa kulia, iliyotua moja kwa moja kwenye jicho. Mama Béa alimpita Trésor kana kwamba hakumwona. Alimpiga mumewe. Alimpiga kwa mwiko usoni, shingoni, kichwani, na bukari ya moto ikamshika kwenye kope, na yule mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa alijikinga kwa viganja na kurudi nyuma hadi kwenye kona. Nilifurahi. Nilifurahi kwa furaha kali, mbaya, na laiti ningekuwa na mwiko wangu ningepanda nimsaidie. Watu waliacha kucheka, wakaanza kutoka. Faustin alibaki amesimama peke yake, anauliza taratibu kwa nini wamezima taa.

Hospitalini walimfunga bendeji na kutuambia tusubiri. Nilikuwa ninampelekea supu kila alasiri, katika chupa ya chai ya Mama Béa. Papa Kasongo alimtumia kuku hai, amefungwa miguu, na salamu kwamba sheria ni sheria. Wiki ile ya kwanza nilimkuta Trésor amesimama miguuni pa kitanda, pua imevimba, kofia mikononi. Ilionekana amekuwa pale muda mrefu. Faustin alimuuliza kama ameshaweka Mint kwenye mashine zote.

“Hapana,” Trésor alisema. “Nimeweka yako. Debian, zote.”

Faustin aligeuza kichwa chote kumtazama. “Ulijua tangu wakati gani?”

“Tangu zamani. Mashine yetu iko mizee, internet haiko. Yako njo bon, njo ya muzuri, kila muntu mwenye macho alikuwa anaona.”

“Sasa tulipigania nini?”

“Ile siku ilikuwa ya magants, ya glavu,” Trésor alisema. “Haikuwa ya mashine. Miye ningesema nini, mbele ya bantu bote?”

Nilimpiga na chupa. Sikufikiri, niliinua ile chupa ya supu na kumpiga nayo kwenye taya kwa nguvu zangu zote, kioo cha ndani kikavunjika, supu ikatuunguza sote wawili. Hakuinua mkono. Alisimama akidondokwa na mchuzi na damu mpaka wauguzi wakaja kunitoa. Miaka mingi imepita na nimejaribu kujuta, kwa sababu mchungaji wangu alinishauri, na imeshindikana. Kulikuwa na mfumo mzuri na mfumo mwingine mzuri, na kwa mashine zile mmoja ulifaa zaidi, na watu wawili waliokuwa wakielewa hivyo walikuwa wametenganishwa na mstari mmoja wa chaki tu. Ilihitajika sentensi moja tu. Trésor aliona afadhali kumtoa mwenzake jicho kuliko kuisema.

Faustin hakurudi kwenye chumba. Kwa muda nilijifunza chini ya Trésor, kwenye ile Debian ya kijivu ambayo haikuniangusha hata siku moja, na kwa hiyo nilipata kazi yangu ya kwanza, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Ninaishi kwa jambo hilo na silipendi. Trésor aliondoka kabla ya mwaka kwisha, akapanda lori la kurudi Kilwa, na nasikia ana mashua na watoto wengi. Kwenye kilio hakuja.

Chini ya turubai nilimuuliza Faustin siku hizi anatumia mfumo gani. Ni mhasibu wa shule, anashinda mbele ya skrini. Aliwaza, akaniambia kwa kweli hajui, binti yake ndiye anayechagua na kuweka, yeye humwomba tu aongeze ukubwa wa maandishi. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mbele yetu mtoto wa marehemu alikuwa ameshika kipaza sauti, anaita watu watoe ushuhuda. Bondia mmoja akasimama kusema Papa alitufundisha kumaliza matatizo kiume. Mwingine akasema vilevile, watu wakapiga makofi. Kisha wakamwita Faustin, mwalimu wa kwanza wa kituo cha kompyuta, aje atoe sifa yake.

Alikwenda polepole, akapapasa, maana jicho moja humdanganya umbali, mpaka akakipata kipaza sauti. Alisema kwanza kwamba Papa Kasongo alimpa kazi na mahali pa kulala, na kwamba anamshukuru. Halafu akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo.

“Alinipigishaka mbele ya bantu,” alisema. “Na hakuniombaka pardon hata siku moya. Mungu amupokee.”

Akarudisha kipaza sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto wa marehemu alikitazama tu mkononi mwake, na mzee mmoja akaanza kunung'unika kwamba maiti hasemwi hivyo. Kwenye mkeka, kati ya wanawake, Mama Béa aliinua kichwa.

“Muache,” alisema. “Njo vile ilikuwa. Nilikuwa pale.”